Mafuta ya Paini na Kifua cha Mtoto: Yalitoka Wapi, Yanafika Wapi?

Mazungumzo ya 14
(Yasomwe kwa sehemu mbili. Muziki wa kipindi upande, kisha ushuke polepole.)

SEHEMU YA KWANZA

  Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Chambua mboga zako, nyonyesha mtoto wako, lakini sikio lako nipe mimi kwa dakika chache.

Leo tutaanza na harufu. Wale mnaoishi karibu na misitu ya serikali kule nyanda za juu mnaijua vizuri. Ni harufu ya mti wa paini, ule ambao vitabu vya shule vinauita msonobari. Majani yake ni membamba kama sindano. Ukiyavunja na kuyasugua kiganjani, harufu inapanda puani na unahisi kama pua imefunguka. Siku hizi harufu hiyo inauzwa pia katika vichupa vidogo sokoni na kwenye steji za matatu. Muuzaji anakuambia: paka, nusa, tia kwenye maji ya moto, mafua kwisha, kifua kwisha.

Miaka michache iliyopita nyanya mmoja aliingia kliniki tuliyokuwa tukifanyia kazi, amembeba mjukuu wake wa miezi saba. Kabla sijamfunua mtoto blanketi, harufu ya paini ilinifikia. Nilimfunua kifua, nikatazama saa, nikahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Zilikuwa 64. Mtoto wa umri huo akifika 50, tayari tuna wasiwasi. Sehemu ya chini ya kifua chake ilikuwa ikibonyea ndani kila alipovuta hewa.

Nikauliza, "Nyanya, amekuwa hivi kwa siku ngapi?"

"Siku tatu, sista. Lakini sijakaa bure. Nimemfukiza kwa majani ya paini asubuhi na jioni, na nimempaka mafuta yake kifuani na puani. Hii ni dawa ya wazee wetu."

Ilikuwa nimonia kali. Tulimpa dawa ya kwanza pale pale na kumkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini siku tatu ni nyingi kwa mtoto wa miezi saba, na wako waliochelewa siku hizo hizo tatu na hawakurudi nyumbani.

Maneno ya yule nyanya yalinikaa kichwani: dawa ya wazee wetu. Sikutaka kumcheka. Alikuwa ametumia pesa zake, kuni zake na usingizi wake kwa ajili ya mtoto. Nikaamua kutafuta. Je, paini ni dawa ya wazee gani? Ilianzia wapi? Na wale waliokuwa nayo tangu zamani, iliwasaidia nini? Niliyoyapata ndiyo ninayokuletea leo.

Mti mgeni katika ardhi yetu

Jambo la kwanza litakushangaza. Afrika Mashariki haikuwa na mti wa paini hata mmoja wa asili. Painia zote unazoziona zilipandwa. Serikali ya kikoloni ilitaka mbao zinazokomaa haraka, ikaleta mbegu kutoka nje. Aina inayoitwa patula ilitoka Mexico. Nyingine inayoitwa radiata ilitoka California, Marekani. Hiyo ya pili ilipandwa sana hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambapo ugonjwa wa kuvu uliingia kwenye majani yake, na upanzi wake ukaachwa.

Mkaratusi nao, ambao majani yake tunayachemsha kwa mafua, ulitoka Australia. Miti ya asili ya jamii kubwa ya painia iliyo yetu hapa ni kama podo na mtarakwa, ule ambao Wamaasai huuita oltarakwai.

Kwa hivyo nyanya aliposema dawa ya wazee wetu, alikuwa akisema kweli kuhusu mama yake, pengine na nyanya yake, waliouona mti huu ukiota karibu na mashamba yao na kuupenda kwa harufu yake. Lakini ukirudi nyuma zaidi ya hapo, wazee wenye paini walikuwa wa nchi nyingine. Hebu tuwatembelee.

Utomvu, moto na mvuke

Ukikata gome la paini, linatoa utomvu unaonata. Watu wa kandokando ya bahari ya Mediterania waliutumia utomvu huo tangu kale, kuziba nyufa za mashua na kufunika vidonda. Katika karne ya kwanza daktari mmoja aliyeitwa Dioscorides, aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliandika kitabu kikubwa cha dawa za mimea. Humo alieleza kwamba utomvu na lami ya miti hii hutumiwa kwa kikohozi na kwa vidonda. Kitabu chake kilisomwa na waganga kwa zaidi ya miaka 1,500.

Baadaye watu walijifunza kukeneka. Kama hujui kukeneka ni nini, fikiria wale wanaopika chang'aa: wanachemsha, mvuke unapanda, unapita mahali penye baridi, unageuka matone. Ukikeneka utomvu wa paini, matone yanayotoka ni tapentaini, ile ile ambayo fundi wa rangi hutumia kulainisha rangi na kusafisha brashi. Ukipitisha mvuke kwenye majani yake, unapata mafuta mepesi yenye harufu kali. Hayo ndiyo mafuta ya paini ya kwenye vichupa.

Shikilia jambo hilo, mama, kwa maana litarudi: mafuta ya paini na tapentaini ni ndugu. Yametoka kwenye mti mmoja na yana kemikali zinazofanana.

Wanawake wawili na matawi ya mti

Sasa twende Kanada, mwaka wa 1535. Nahodha Mfaransa aliyeitwa Jacques Cartier alikwama na merikebu zake karibu na kijiji cha Stadacona, mahali ambapo leo kuna mji wa Québec. Mto uliganda. Watu wake walikuwa 110, na chakula chao kilikuwa kikavu na cha chumvi. Ugonjwa ukaingia. Miguu ilivimba na kuwa meusi, ufizi ukaoza, meno yakatoka. Ugonjwa huo unaitwa kiseyeye. Kufikia katikati ya Februari 1536, wazima hawakufika hata kumi. Watu 25 walikufa.

Siku moja Cartier alimwona Domagaya, kijana wa chifu wa kijiji kile, akitembea vizuri. Siku kumi au kumi na mbili kabla, kijana huyo alikuwa mgonjwa wa ugonjwa ule ule. Cartier akamuuliza amepona vipi. Domagaya akamweleza kuhusu mti ulioitwa Annedda, kisha akatuma wanawake wawili waende naye kukata matawi. Wanawake hao ndio waliowaonyesha Wafaransa namna ya kuchemsha majani na gome, kunywa maji yake, na kukanda miguu kwa makapi. Wagonjwa wachache walijaribu, wakapata nafuu upesi, na baada ya hapo wengine wote wakagombania. Mti mzima uliisha kwa siku chache.

Annedda ulikuwa mti wa jamii kubwa ya painia na mierezi, na wataalamu bado wanabishana ni upi hasa. Malipo waliyoyapata wenyeji yanatia uchungu. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, Cartier alimteka chifu Donnacona pamoja na vijana wake na wengine, jumla yao watu kumi, akawapeleka Ufaransa. Kufikia 1541 wote walikuwa wamekufa isipokuwa msichana mmoja mdogo. Hakuna aliyerudi kwao.

Ni nini kiliwaponya mabaharia wale? Leo tunajua. Kiseyeye hutokana na kukosa vitamini C, na majani mabichi ya miti hii yana vitamini hiyo. Lakini wazungu hawakujua, na wakasahau. Zaidi ya miaka 200 ilipita kabla ya daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, kuchukua mabaharia 12 wenye kiseyeye mwaka wa 1747 na kuwagawa wawili wawili, kila jozi ikipewa kitu tofauti. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Hata hivyo jeshi hilo lilianza kuwapa mabaharia wake maji ya malimau mwaka wa 1795 tu.

Majani ya paini yalirudi tena katika vita kuu ya pili. Mji wa Leningrad huko Urusi ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944. Watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Hakukuwa na matunda wala mboga. Wanasayansi wakapanga majani ya paini yakusanywe msituni, na viwanda vikatengeneza kinywaji kichungu ambacho watu walipewa ili kuzuia kiseyeye.

Hapa muuzaji wa kichupa anaweza kukuambia, "Unaona? Paini iliponya watu!" Ni kweli, majani yaliponya kiseyeye. Lakini vitamini C hukaa kwenye maji, haipandi na mvuke wala haiingii kwenye mafuta. Kichupa kile hakina vitamini hata chembe. Na wewe, mama wa Kenya, una machungwa, maembe, mapapai, nyanya na sukumawiki. Huna haja ya kuchemsha mti.

Hewa ya msitu na kifua kikuu

Kisa kinachofuata kinahusu kifua kikuu, yaani TB. Katika karne ya 19 ugonjwa huu uliua watu wengi sana Ulaya na Marekani. Madaktari waliamini hewa yenye harufu ya paini inatibu mapafu, wakajenga makao ya wagonjwa katikati ya misitu.

Mmoja wao alikuwa Edward Livingston Trudeau wa New York. Akiwa kijana alimuuguza kaka yake aliyekuwa na TB. Walilala chumba kimoja, na madirisha yalifungwa kwa sababu daktari alisema hewa ya nje ni mbaya. Kaka akafa. Mwaka wa 1873 Trudeau naye akapatikana na TB. Alienda kwenye milima ya Adirondack akitarajia kufia huko, katikati ya miti aliyoipenda. Akapata nafuu. Mwaka wa 1885 alifungua makao ya wagonjwa kule kule, Saranac Lake.

Trudeau alikuwa na jambo moja la kuigwa: hakutosheka na kuamini, alitaka kupima. Mwaka wa 1882 Robert Koch wa Ujerumani alikuwa ametangaza kwamba TB huletwa na bakteria. Trudeau akachukua sungura 15. Watano aliwaambukiza TB na kuwafungia mahali penye giza, unyevu na chakula kidogo. Wanne wakafa. Watano hakuwaambukiza, lakini aliwaweka mahali pabaya vile vile. Walikonda, lakini hawakupata TB. Watano wa mwisho aliwaambukiza na kuwaachilia kisiwani wakimbie, wale vizuri. Mmoja alikufa, wanne wakaishi.

Alijifunza nini? Kwamba chakula kizuri na hewa safi vinausaidia mwili kupigana. Lakini alijifunza pia kwamba bila bakteria hakuna TB, na hewa nzuri haiwaui bakteria wote. Binti yake mwenyewe alikufa kwa TB, na yeye pia TB ilimrudia hadi alipofariki mwaka wa 1915, msitu ukiwa umemzunguka.

Dawa ya kwanza iliyoweza kuwaua bakteria wa TB mwilini, streptomaisini, iligunduliwa mwaka wa 1943. Na hapa, mama, kuna jambo la kujivunia. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika uchunguzi ulioonyesha kwamba matibabu ya TB yanaweza kuchukua miezi 6 badala ya miezi 18. Ulimwengu mzima ulijifunza kutokana na vifua vya watu wetu. Ukitaka dawa ya kifua ambayo kweli wazee wetu walichangia kuipata, basi ni hiyo, na katika vituo vya serikali hulipii.

(Muziki, sekunde 20. Mtangazaji awakumbushe wasikilizaji saa ya sehemu ya pili.)

SEHEMU YA PILI

Karibuni tena. Katika sehemu ya kwanza tulifuata paini kutoka Mediterania hadi Kanada, Urusi na msitu wa Trudeau. Sasa tuone namna harufu hii ilivyoingia nyumbani, kwenye kikopo kidogo cha kupaka kifuani.

Kikopo cha mfamasia

Mnamo miaka ya 1890, huko North Carolina, Marekani, mfamasia aliyeitwa Lunsford Richardson alichanganya mafuta mazito na vitu vyenye harufu kali: mentholi, kafuri, mafuta ya mkaratusi na kiasi kidogo cha tapentaini. Joto la mwili lilifanya harufu ipande puani. Baadaye dawa hiyo ilijulikana kama Vicks VapoRub.

Kisha ikaja homa kuu ya 1918. Iliua mamilioni ya watu duniani, wakiwemo wengi hapa Kenya. Hapakuwa na chanjo ya homa wala antibiotiki. Watu walinunua chochote kilichowapa matumaini, na mauzo ya kikopo kile yaliongezeka zaidi ya mara tatu kwa mwaka mmoja. Je, kilizuia vifo? La. Kilimfanya mgonjwa ahisi anapumua vizuri zaidi. Mama aliyekuwa hana kingine cha kufanya alipata kitu cha kufanya kwa mikono yake. Hilo si jambo dogo, na ndiyo sababu desturi hii imedumu kwa zaidi ya miaka 100.

Lakini angalia maneno yaliyochapishwa kwenye kikopo chenyewe, yale madogo ambayo hatuyasomi: kisitumiwe kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Mnamo miaka ya 1980 serikali ya Marekani ilipunguza kiasi cha kafuri kinachoruhusiwa katika dawa za kupaka, isizidi asilimia 11, kwa sababu watoto waliomeza walipatwa na degedege. Mwaka wa 2009 madaktari wa huko waliandika kuhusu mtoto wa miezi 18 aliyeanza kupumua kwa taabu sana baada ya kupakwa chini ya pua. Walipochunguza njia za hewa za wanyama, waliona dawa hiyo inaongeza makamasi. Kwa mtu mzima hilo ni kero ndogo. Lakini njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba sana, makamasi kidogo yanaweza kuiziba. Tena harufu kali puani inaweza kufanya koo lake lijifunge na pumzi ikatike kwa muda.

Kwa hivyo sasa unaelewa kwa nini nilishtuka nyanya aliponiambia amempaka hadi puani.

Tapentaini: ndugu mkali

Nilikuambia ushikilie jambo moja, kwamba mafuta ya paini na tapentaini ni ndugu. Katika karne ya 19, kusini mwa Marekani, wazazi waliwapa watoto tapentaini iliyochanganywa na sukari ili kuua minyoo. Minyoo mingine labda iliondoka, lakini watoto walidhurika figo, wengine walipatwa na degedege, na wengine walikufa. Kijiko kimoja cha mezani cha tapentaini kimewahi kuua mtoto. Leo minyoo ina vidonge salama, na mtoto akitimiza mwaka mmoja anaweza kupewa kliniki.

Hatari ya siku hizi iko chini ya meza. Fundi wa rangi anabakisha tapentaini, anaitia kwenye chupa ya soda. Mama anaweka dawa ya choo yenye harufu ya paini kwenye chupa ya maji. Mtoto wa miaka miwili ana kiu. Nimempokea mtoto wa namna hiyo. Mama yake, kwa kuhangaika, alikuwa amemtia kidole kooni ili atapike, kisha akamnywesha maziwa. Alifikiri anamwokoa. Lakini majimaji haya mepesi, kama mafuta taa, yanapopanda tena wakati wa kutapika huteleza na kuingia mapafuni, na huko huunguza. Mtoto alilazwa siku nyingi kwa sababu ya mapafu.

Basi sikiliza vizuri. Mtoto akinywa tapentaini, mafuta ya paini, mafuta taa au dawa ya choo: usimtapishe. Usimpe maziwa, wala mafuta, wala makaa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Akisinzia, mlaze kwa ubavu. Beba chupa yenyewe, ukimbie hospitali hata kama anaonekana mzima.

Mvuke na tiba ya harufu

Kujifukiza nako kuna historia yake. Mwaka wa 1778 daktari Mwingereza John Mudge alitengeneza kikombe cha chuma chenye kifuniko na mrija ili mgonjwa wa kikohozi avute mvuke. Hapa kwetu kila jamii ilikuwa na namna yake ya kujifunika na majani. Wakati wa korona mwaka wa 2020, watu wengi Kenya na Tanzania walirudi chini ya blanketi na sufuria. Mvuke haukuua virusi vya korona. Ulichofanya mara nyingi ni kulegeza pua kwa muda. Na kwa watoto, sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeleta majeraha ya moto tunayoyaona hospitalini. Mtoto anastuka, anarusha mguu, sufuria inapinduka.

Na kuhusu tiba ya harufu, ambayo siku hizi inatangazwa sana mijini, jina lake lilienezwa na mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé, aliyechapisha kitabu chenye jina hilo mwaka wa 1937. Ukweli ni upi? Harufu nzuri inaweza kumtuliza mtu mzima na kumpa hisia kwamba pua imefunguka. Mafuta ya paini yanaweza kuua vijidudu fulani katika sahani ya maabara. Lakini kutoka sahani ya maabara hadi ndani ya pafu la mtoto ni safari ndefu, na hakuna aliyeonyesha kwamba mafuta hayo yanatibu nimonia au TB.

Wewe mtu mzima ukitaka kuyatumia, tia tone moja au mawili kwenye kitambaa unuse, au changanya matone machache katika mafuta ya kawaida ya kupaka ukande misuli iliyochoka. Usinywe. Usipake mahali penye kidonda. Chupa iliyokaa wazi kwa muda mrefu itupe, kwani mafuta yakipigwa na hewa huwasha ngozi. Kama kuna mwenye pumu nyumbani, achana nayo, kwa maana harufu kali inaweza kuamsha pumu. Kama una mimba, uliza kliniki kwanza.

Tufanye nini mtoto akikohoa?

Ukitazama visa vyote hivi, utaona jambo moja. Harufu iliwafariji watu kila mahali. Lakini kilichookoa maisha kilipatikana pale mtu alipohesabu na kulinganisha: Lind na mabaharia wake, Trudeau na sungura wake, madaktari na wagonjwa wetu wa miaka ya 1970. Na kuhesabu unaweza hata wewe, jikoni kwako, kwa saa ya simu.

Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue kifua, tazama kinavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika moja nzima. Pumzi ni za haraka kama zinafika:

- 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5.

Ukipata hesabu hiyo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama kifua kinabonyea ndani, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea na haamki vizuri, usingoje hata saa moja. Nimonia ya bakteria hutibiwa kwa antibiotiki, na mara nyingi ni amoksilini tu, dawa isiyo ghali. Maliza dozi yote.

Kama ni mafua ya kawaida, mnyonyeshe mara kwa mara. Aliyezidi miezi sita mpe pia vinywaji vya uvuguvugu. Pua ikiziba, tone la maji safi ya chumvi kidogo linatosha kulainisha makamasi. Asali ni kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja tu. Mpikie mbali na moshi, fungua dirisha. Na usiache chanjo. Chanjo ya kuzuia bakteria wa Hib ilianza kutolewa kwa watoto wetu mwaka wa 2001, na ile ya nimokoki mwaka wa 2011. Zote hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hizo mbili zimezuia nimonia nyingi kuliko kichupa chochote.

Na kikohozi kikizidi wiki mbili, au mtoto haongezi uzito, omba apimwe TB.

Yule nyanya nilimwona tena siku ya chanjo, amemleta mjukuu. Nilimuuliza kama bado ana kichupa chake. Akacheka. "Ninacho, sista. Ni cha magoti yangu sasa. Mtoto namhesabia."

 

(Muziki wa kufunga.)

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mafuta ya paini hayatibu nimonia wala TB.
2. Usimpake mtoto wa chini ya miaka miwili mafuta yenye harufu kali, wala usitie chochote cha mafuta puani.
3. Usimfukize mtoto kwa sufuria ya maji moto.
4. Tapentaini, mafuta taa na dawa ya choo visiwekwe katika chupa za vinywaji. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali.
5. Hesabu pumzi. Usingoje siku tatu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako mtoto akianza kukohoa, ni nani huamua aende kliniki? Tutazungumza naye vipi?
2. Ni dawa gani tunazoziita za wazee wetu? Je, tunajua zilitoka wapi?
3. Kila mmoja ahesabu pumzi za mtoto wa jirani yake kwa dakika moja. Tumepata ngapi?